Rangi Mbili Kwenye Sufuria Moja

Kazi yangu ya kwanza baada ya kumaliza kidato cha nne ilikuwa kukusanya choo cha watu. Naandika hivyo hivyo bila kuzungusha, maana nimechoka na wanaoniuliza nilikuwa nafanya nini kule Kitaya, halafu wakisikia jibu wanasogeza kiti. Choo kikubwa. Kwenye vikopo vyenye kifuniko cha bluu, ndani ya boksi la barafu, mpaka mjini Mtwara. Na niliipenda ile kazi kuliko kitu chochote nilichowahi kukifanya.

Ilianza hivi. Matokeo yalitoka nikiwa nyumbani kwa mama, Ufukoni. Nilifaulu, lakini siyo kule kufaulu kwa kuitwa chuoni moja kwa moja. Nilitaka kusomea mambo ya maabara, na nilitaka kuanza wiki ileile. Mimi kungoja siwezi. Nazunguka uani, nafungua simu, nafunga simu, nafagia palipofagiwa. Mama akachoka. Akasema, "Wewe nenda kwa bibi yako ukamsaidie kuamia ndege kwenye mpunga. Ndege watakuchosha kabla hujanichosha mimi."

Basi nikaenda Kitaya. Bibi yangu ana shamba la mpunga bondeni, karibu na mto, na mikorosho kule juu, na mwili mkubwa anaojivunia. Kwetu mtu akikuambia umenenepa anakusifu, na bibi alikuwa amesifiwa maisha yake yote. Kwa hiyo muuguzi wa zahanati alipompima akamwambia mafuta yamezidi kwenye damu, bibi alirudi nyumbani amenuna.

"Mafuta ndiyo yamezidi," akasema, "na ya kupikia hapa hayatoshi hata wiki. Sasa hayo mengine wameyaona wapi?"

Baada ya Idi likaja gari la watafiti. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mrefu kutoka kanda ya ziwa, anayecheka kwa sauti, na kila mtu akamwita Daktari. Kabla hajakaa, mwanamke mmoja akamletea mtoto mwenye jipu.

"Mama, mimi siyo daktari wa kutumbua majipu," akasema. "Mimi daktari wa majani na vijidudu."

"Sasa sisi tukiumwa tunakuita wa nini?" mwenye mtoto akauliza, na watu wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote.

Walikuwa wanatafuta wanawake wa makamo wenye mafuta mengi kwenye damu, na walitaka kujaribu dawa iliyokamuliwa kwenye majani ya mti mmoja mchungu unaoota huku kwetu. Jina la mti sitaliandika. Nilimwahidi Daktari, maana yeye mwenyewe hajui bado kama unafaa, na huku watu wakisikia mti ni dawa, baada ya mwezi unakuta umebaki kisiki.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi. Wazee wengine Kiswahili cha kitaalamu kinawapita, kwa hiyo mwenyekiti akaniita nitafsiri kwa Kimakonde. Daktari alieleza vizuri, hilo lazima niseme. Alisema tumboni mwetu wanaishi bakteria, vijidudu vidogo sana, wengine wabaya lakini wengi wazuri. Sisi tukila, na wao wanakula. Wanachokibakiza kinaingia kwenye damu na kuuambia mwili mafuta haya yachome, haya yaweke. Ule mti huenda hauyeyushi mafuta wenyewe. Huenda unawalisha vijidudu wazuri, na wao ndio wanaofanya kazi.

Nikatafsiri, nikaona sura zimenikodolea tu macho. Daktari akafikiri kidogo, akauliza, "Mkivundika muhogo, nani anaulainisha? Mnaupika?"

"Hatupiki. Unalainika wenyewe."

"Haulainiki wenyewe. Kuna vijidudu wanafanya ile kazi. Na tumboni ni hivyo hivyo."

Bibi akasimama. "Kwa hiyo humu tumboni mwangu kuna wenzangu wanavundika?"

"Wapo, bibi. Wengi kweli kweli."

"Na kodi hawalipi."

Darasa zima likavunjika mbavu. Kuanzia pale hakuna aliyehitaji tafsiri yangu.

Halafu Daktari akaeleza jambo moja ambalo naomba mlikumbuke. Akasema wanawake wa kikundi watapewa rangi mbili, vile vidonge vya kufunguka katikati. Baadhi vina unga wa ule mti. Vingine kwa nje vinafanana kabisa, lakini ndani kuna unga tu usiokuwa na dawa. Hakuna anayejua nani kapata kipi, hata yeye mwenyewe. Anajua mtu mmoja tu kule mjini. Mwishoni watalinganisha. Kama waliokunywa dawa wamebadilika na wale wengine hawajabadilika, basi mti unafanya kazi.

"Mmeelewa?"

"Tumeelewa!"

"Mmekubali?"

"Tumekubali!"

Kuitikia tuliitikia vizuri, kama darasa la kwanza.

Baada ya mkutano Daktari akaniita pembeni, akaniuliza kama nataka kazi ya kusimamia kikundi cha kitongoji chetu. Nilisema nataka kabla hajamaliza sentensi. Akacheka. Akaniuliza ninapenda nini, nikasema maabara, nikasema darubini, nikasema nataka kuwaona hao vijidudu kwa macho yangu.

"Tufanye hivi," akasema. "Kikundi chako kikifika mwisho salama, nakuchukua maabara yetu mjini. Unajifunza kazi, halafu na chuoni nitakusemea mwenyewe. Lakini kifike mwisho. Kikiharibika, mimi sina cha kuwaonyesha wakubwa wangu."

Siku ile nilishuka bondeni nikawafukuza ndege kwa kugonga makopo na kuimba. Bibi anasema waliogopa sauti, siyo makopo.

Kazi ya kwanza ilikuwa choo, na ilinitoa jasho. Huku kwetu mtu hakupi kucha zake, hakupi nywele zake, seuze choo chake. Kitu kilichotoka mwilini mwako kikiangukia mkono mbaya, umekwisha. Nilizunguka na vikopo vyangu nyumba kwa nyumba. Walinikaribisha, wakanipa chai, wakanirudishia vikopo vitupu.

Bibi ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. "Unataka mavi yangu uyapeleke mjini?"

"Ndiyo, bibi."

"Kwani mjini hawana?"

"Wanayo, lakini wanataka ya Kitaya."

Nikaona neno limemgusa mahali. "Ya Kitaya," akarudia.

"Daktari anasema nyie mnakula muhogo, mnakula ming'oko ya kuchimba, mnakula mboga za porini. Vijidudu wenu, watu wa mjini hawanao. Kule watu wanakula chipsi tu."

Bibi akakichukua kikopo akakigeuzageuza. Kesho yake asubuhi akanikabidhi kimefungwa ndani ya kitambaa kisafi, kama zawadi ya harusi. Halafu akazunguka mwenyewe kwa wenzake kuwaambia kwamba wa mjini wamefilisika tumboni, wamekuja kukopa kwetu. Jioni ile boksi langu lilijaa. Jirani yetu muuza vitumbua, mama mnene mchangamfu ambaye bibi hamwiti ila "shoga yangu", alileta vikopo viwili, akasema cha pili ni nyongeza.

Nikagawa dawa. Kila mwanamke na pakiti yake yenye namba, rangi mbili za kumeza asubuhi. Kila siku nikimaliza bondeni nilipita nyumba kwa nyumba kuuliza, nikajibiwa tayari, mjukuu, dawa imeshaingia. Nilifurahi sana. Hakuna aliyesahau hata siku moja. Nilimpigia simu Daktari nikajigamba kwamba kikundi changu ni cha wanajeshi.

Simu yenyewe kule ni vituko. Mtandao unapatikana juu ya kichuguu nyuma ya shule, na ukipanda kidogo tu unakamata minara ya ng'ambo ya mto, simu inakukaribisha Msumbiji na salio linakwenda na maji. Nilijifunza kusimama kwa mguu mmoja upande wa Tanzania.

Sasa ikafika asubuhi ya vipimo vya katikati. Daktari alikuwa anakuja na gari kuchukua damu na choo cha mara ya pili. Wanawake wa kikundi waliambiwa wasile kitu mpaka wapimwe, dawa pia wangoje. Mimi, kwa kukosa subira kwangu, sikusubiri jua lipande. Nikachukua boksi, nikaanza na nyumba ya muuza vitumbua.

Uani kwake nikawakuta wote. Kikundi kizima. Wamekaa kwenye mikeka kuzunguka sufuria kubwa, ile anayolowekea mchele wa vitumbua. Mmoja anafungua rangi mbili, anakung'uta unga kwenye sahani. Mwingine anapokea sahani. Maganda mekundu na meupe yamejaa kwenye ungo, kuku wanayadonoa na kuyatema. Na bibi yangu, mwenye mwiko, anakoroga.

Wote wakaganda.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba," wakajibu, kwa sauti ndogo.

"Umewahi leo," bibi akasema.

"Bibi, hiyo nini?"

"Uji."

"Uji gani wa kijani?"

"Uji wa kijani," akasema, akaendelea kukoroga. "Wala hatujaunywa leo. Tumeambiwa tungoje. Tunautayarisha tu, mkimaliza kutuchoma sindano tunywe."

Nikauliza tena, na safari hii nadhani nilipiga kelele, maana muuza vitumbua aliinuka akanishika mkono akanikalisha.

"Usikasirike, mwanangu. Sikiliza. Lile ganda tulisikia linatengenezwa kwa mifupa ya nguruwe."

"Daktari alisema ni la majani!"

"Alisema yeye. Yeye Mkristo, nguruwe kwake kitoweo, hana sababu ya kuchunguza sana. Sisi tukaona tujihadhari. Tukalifungua ganda tuchukue unga. Si dawa ni unga?"

"Sasa mimi nikalamba wangu," bibi akaingilia, "mchungu huo! Masikio yakazibuka. Nikasema naam, hii ndiyo dawa. Nikamwambia shoga yangu naye alambe wake. Akalamba. Akanitazama. Akalamba tena. Mwambie ulilamba nini."

"Muhogo," muuza vitumbua akasema.

"Muhogo!" wakaitikia wengine.

"Tena muhogo mzuri," akaendelea, "sitaki kusema uongo. Umeanikwa, umetwangwa, hauna hata mchanga. Lakini muhogo."

"Mtu anapakia gari mjini," mwanamke mwingine akasema, "anachoma mafuta ya gari, anapita mashimo yote yale, analeta muhogo Kitaya!"

Wakaanza kucheka, na mmoja akajilaza kwenye mkeka. Mimi sikucheka. Kila mmoja wao alikuwa ametwanga muhogo tangu utoto. Wangeujua hata usingizini. Hilo huko mjini hakuna aliyeliwaza.

"Lakini Daktari aliwaambia," nikasema. "Wengine dawa, wengine unga mtupu. Mkakubali!"

"Tulikubali," bibi akasema. "Hatukukubali kunyimana. Mimi ninywe dawa, shoga yangu ale muhogo, na maji tunachota pamoja, na msiba wangu analia yeye? Nitamtazamaje? Tukakaa tukahesabu wenye muhogo, tukawaonea huruma, tukasema potelea mbali, yote sufuria moja. Kila mtu upawa mmoja, sawasawa. Hata yule mwenye jino bovu tulimwachia ukapoa."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Nikaliweka boksi chini. Waliopewa dawa na waliopewa muhogo walikuwa wamekunywa kitu kimoja, siku zote zile. Hapakuwa na cha kulinganisha na chochote. Nikaiona maabara inaondoka, na darubini, na chuo, nikajiona narudi Ufukoni kufagia palipofagiwa.

"Sasa mbona unalia?" bibi akauliza. "Wamekufukuza?"

Nikawaeleza. Nilikuwa sijawaambia zile ahadi za Daktari. Nilitaka kuwashangaza nikishazipata. Niliposema kikundi kikiharibika na mimi maabara basi, kicheko kikaisha uani. Muuza vitumbua akaweka mkono mdomoni.

"Ulikaa kimya na jambo kama hilo?" bibi akasema. "Ungesema, tungemeza hata na maganda."

"Tuseme tumemeza," mmoja akashauri. "Nani ataona?"

"Damu itaonyesha," nikasema.

"Basi usimwambie leo," muuza vitumbua akaomba. "Akitufukuza je? Mimi nguo zimeanza kulegea."

"Nguo zako zimelegea kwa sababu umeacha kula vitumbua vyako," bibi akamwambia.

"Nimeacha? Nimepunguza!"

Mimi nikasimama. Kukaa na neno la namna ile moyoni mpaka jioni, siwezi, ningepasuka. Nikasema nakwenda kichuguuni kumpigia Daktari sasa hivi. Nikakimbia. Simu ikanikaribisha Msumbiji, nikasogea, ikanikaribisha tena, na nilipokuwa nahangaika na mguu mmoja hewani nikaliona vumbi la gari lake linaingia kijijini. Nikashuka mbio, nikalifukuza gari mpaka uani.

Daktari alikuwa ameshateremka. Anaitazama sufuria. Wanawake wamesimama mstari kama wanangoja viboko, na bibi bado ana mwiko mkononi. Nikasema yote kwa pumzi moja: ganda, nguruwe, uchungu, muhogo, upawa. Sikumficha hata kuku.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kitu kimoja tu. "Kila mtu upawa mmoja?"

"Sawasawa," bibi akasema. "Haki kabisa."

Daktari akatafuta pa kukaa, akakalia mbuzi ya nazi iliyokuwa karibu, meno yake yameelekea pembeni, nashukuru Mungu. Akainamisha kichwa. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka mpaka machozi, hawezi hata kusema, anaonyesha sufuria kwa kidole, anajaribu kuanza, anashindwa.

"Nimesoma miaka yangu yote," akasema mwishowe, "kuzuia mtu asijue amepewa nini. Tumeweka namba, tumefungia siri kabatini. Na nyie mmelamba tu!"

Wanawake wakapata nafuu, wakacheka naye. Lakini alipojifuta macho, uso wake ukabadilika. "Tatizo, mama zangu, kikundi hiki sasa hakihesabiki. Siwezi kudanganya. Leo tutawapima kwa ajili ya afya zenu, halafu nitalazimika kuwaambia wakubwa wangu kwamba hapa tumefunga."

Hakunitazama aliposema hivyo, na mimi sikumtazama.

Bibi akaweka mwiko chini. "Daktari, sisi hatukuiba. Ulitupa, ikawa yetu, tukagawana. Huo ndio ukaaji wetu, hata ukituletea dhahabu. Ukitaka tusigawane, tupe wote kitu kimoja."

"Nikiwapa wote kitu kimoja, bibi, nitawalinganisha na nani?"

Nikaropoka. Sikuomba ruhusa, sikunyoosha mkono. "Na kijiji kingine! Kilambo hamjaanza. Wapeni huku wote kitu kimoja, na Kilambo wote kitu kingine. Huku wakigawana watagawana kilekile! Na Kilambo hivyo hivyo! Hatutajua sisi, hawatajua wao, na sufuria ibaki!"

Daktari akaniinulia uso, bado amekalia ile mbuzi.

"Hilo umelisoma wapi?"

"Sijalisoma popote."

"Maana lipo. Watu wanafanya hivyo, wanapima kijiji na kijiji badala ya mtu na mtu." Akasimama, akaanza kutembea uani, kuku wanampisha. "Lakini vijiji viwili havitoshi. Vinatakiwa vingi."

"Vipo," bibi akasema. "Mto huu mrefu."

"Na muhogo ndiyo basi. Tutatafuta unga mwingine, mchungu vilevile, usiokuwa na kazi."

"Hapo utakuwa umetuheshimu," muuza vitumbua akasema.

"Na maganda tunaacha. Unga mtupu, mnakoroga kwenye uji, wote pamoja, upawa mmoja mmoja. Mtu wa kusimamia upawa..." Akanigeukia. "Ni lazima nikaombe kibali upya. Inaweza kuchukua muda. Utaweza kungoja?"

"Hapana," nikasema.

"Najua. Utangoja hivyo hivyo."

Nikangoja. Sitaeleza sana, ni sehemu ya maisha yangu nisiyoipenda. Mpunga ukaiva, tukavuna, tukapepeta. Kila siku nilipanda kichuguu. Bibi akanikataza kuuliza "bado?" ndani ya nyumba yake, akasema neno hilo limemchosha kuliko mafuta. Halafu siku moja nikiwa nimebeba mzigo wa kuni kichwani simu ikaita njiani, mahali ambapo simu haijawahi kuita. Kibali kimetoka. Kilambo wamo, na vijiji vingine kando ya mto, na kwetu Kitaya kitongoji kizima. Nilitupa kuni nikapiga vigelegele peke yangu. Mwanaume mmoja aliyepita na baiskeli akaniuliza nani kaolewa.

Miezi ile iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka kwa raha kuliko yote. Kila asubuhi uani kwa muuza vitumbua, moto, sufuria, uji mwepesi wa mtama. Mimi namimina unga mbele yao, bibi anakoroga, mimi nachota. Uchungu wake usiombe. Walikunywa kwa mashindano, anayekunja uso anazomewa. "Huyo amekunja! Mrudishieni muhogo wake!" Baada ya kunywa walikuwa hawaondoki. Wanasimuliana, wanasutana, mmoja anaanza wimbo na wengine wanaitikia. Waume zao wakaanza kulalamika kwamba chai inachelewa. Bibi akawaambia waje wachangie choo, ndipo wapewe nafasi ya kulalamika.

Mikorosho ilipoanza kuangusha mabibo, harufu tamu imetanda kila mahali, tukachukua vipimo vya mwisho. Hakuna aliyeacha. Hakuna aliyebadilishana. Kikundi changu kilifika mwisho, na vikopo vya mwisho nilivisindikiza mwenyewe kwenye gari la Daktari, boksi nimelipakata mapajani mpaka mjini, na gari halikugeuka kunirudisha.

Sasa hivi niko maabara. Nimepewa koti jeupe refu mno, nimekunja mikono. Kuna sanduku kubwa la kioo lisiloingia hewa, unatumbukiza mikono kwenye glavu zilizoshonewa humohumo, maana vijidudu wa tumboni hewa inawaua. Wiki iliyopita Daktari aliniita nije nitazame. Kwenye visahani vyembamba walikuwa wameota. Sikuhitaji hata darubini kuona makundi yao: vidoti vyeupe kama maziwa, vingine vya manjano, vimejipanga kama punje za uwele zilizomwagika. Vimetoka Kitaya. Ni vya nani haijulikani, ni namba tu. Nilikaa pale mpaka shingo ikauma.

Kama Kitaya tulikunywa mti au tulikunywa uchungu mtupu, mpaka leo ninapoandika sijui. Siri iko kabatini, itafunguliwa hesabu zikikamilika. Muuguzi wa zahanati amempima bibi, anasema mafuta yamepungua kidogo. Huenda ni mti. Huenda ni kule kutembea kila asubuhi mpaka kwa shoga yake, na kucheka kwa tumbo tupu. Daktari anasema ndiyo maana tunalinganisha, tulia. Nimetulia. Siyo sana.

Jioni ya siku ile ya visahani nilimpigia bibi. Alikuwa kichuguuni na wenzake, nikawasikia wanagombania simu.

"Bibi, nimewaona!"

"Nani?"

"Vijidudu wenu! Nimewaona kwa macho!"

"Amewaona!" akawapigia kelele wenzake, nikasikia vigelegele upande wa pili. "Wakoje?"

"Wengi. Weupe. Wengine wa manjano."

"Wamenenepa?"

Nikavitazama vile visahani kichwani mwangu. "Wamenenepa sana, bibi."

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi wape salamu, uwaambie kwetu wazima." Halafu mtu akamsogeza, nikasikia sauti ya muuza vitumbua inauliza kama na wale wa kikopo chake cha nyongeza wamefika, na kabla sijajibu simu ikawakaribisha Msumbiji.